Miti ya Serikali

Jumatatu, 4 Machi
Mvua haijaanza, ila kumefunga tangu asubuhi. Mkuu wa gereza ameniita ofisini kwake, akanipa kiti, akaniagizia chai. Mtu wa gereza akikupa chai ujue anataka kitu. Nilikishika kikombe mpaka kikapoa.

Anataka mandhari. Ukuta mzima wa chumba cha wageni, pale ndugu wa wafungwa wanapokaa kwenye mabenchi kusubiri kuitwa. Anasema ukuta mtupu unawatia watu huzuni, halafu mvua zikiisha kuna tume ya ukaguzi inakuja. "Tuchoree kilima chetu," alisema, "kama unavyokichora kwenye zile picha zako za hotelini."

Kilima chetu kina kitu kimoja tu juu yake, nacho ni hilo gereza. Lakini hakuna mteja anayetaka gereza juu ya kochi lake. Kwa hiyo sisi wachoraji wa mji huu tuna desturi yetu: pale lilipo gereza tunapanda msitu. Tunauita miti ya serikali. "Umeshapanda miti ya serikali?" tunaulizana, maana yake picha imekwisha, inaweza kwenda dukani. Mdogo wangu peke yake ndiye aliyekataa kupanda. Alichora kilima na gereza lake, na nguo za wafungwa zimeanikwa uani, akaitundika picha kwenye maonyesho, na watu wakasimama mbele yake bila kusema kitu. Hazikupita siku nyingi wakaja kumchukua. Kosa lake ni kuchora eneo lililozuiwa. Kesi haijatajwa mpaka leo. Tangu walipomhamishia jengo la nyuma hatujamtia machoni, na tukiuliza tunajibiwa neno moja: "Yupo."

Leo watu waliomfunga mdogo mtu kwa kuchora kilima wanamwajiri dada mtu achore kilima. Ama Mkuu hajui mimi ni nani, ama anajua vizuri sana. Nimekubali. Nataka kujua kama yupo kweli, na nikiwa mule ndani angalau nitakuwa karibu na wanaojua.

Jumanne, 5 Machi
Nimemwambia wifi. Aliendelea kuchambua mchele, hakuinua uso. "Alikuwa anaupenda ukuta mkubwa," alisema.

Alikuwa. Mke wa mtu anasema alikuwa. Nimelisikia hilo neno wiki nzima hii: alikuwa anapenda chumvi nyingi, alikuwa anakoroma. Ameambiwa nini huyu ambacho mimi sijaambiwa?

Alhamisi, 7 Machi
Nimeanza. Nimepewa askari wa kunichunga, mwanamke mnene mwenye sauti laini, funguo zinamning'inia kiunoni mpaka anatembea amelalia upande mmoja. Nimembatiza Bibi Funguo. Ananiita dada. Amenisaidia kubeba ngazi, ameniuliza kama nimekula, amesifu mikono yangu. Simwamini hata kidogo.

Ijumaa, 8 Machi
Jua nimeliweka upande wa dirisha, vivuli vyote vitalala kuelekea mlangoni. Mvua ya kwanza imenyesha nikiwa juu ya ngazi.

Jumatano, 13 Machi
Mkuu amekuja kukagua. Alisimama amefumbata mikono nyuma, akanyoosha kidole.

"Hiyo njia inakwenda wapi?"

"Inashuka bondeni, afande. Ni njia tu."

"Inaanzia wapi?"

Nikaitazama. Njia yoyote inayoshuka kile kilima inaanzia getini kwake, hakuna pengine. "Inaanzia juu," nikasema.

"Ifute. Sitaki mfungwa akae hapa anasoma njia."

Nimeifuta. Mahali pake amesema nipande miti.

Ijumaa, 15 Machi
Daraja nililochora bondeni nalo limefutwa. Miti.

Jumatatu, 18 Machi
Nilikuwa nimemchora mtu mmoja bondeni, mdogo kama punje, anatembea zake. Mkuu aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa rangi. "Huyu ni nani?"

"Mtu tu, afande."

"Mtu tu hayupo. Kila mtu ni fulani. Na mbona anakwenda upande huo?"

Bibi Funguo aliangalia dari, mabega yakimtikisika. Nimemfuta mtu. Nimepanda mti. Kwa mwendo huu tume itakuta pori tupu na itauliza kama gereza linafuga chui.

Jumanne, 19 Machi
Mvua kutwa. Rangi haikauki.

Alhamisi, 21 Machi
Bibi Funguo amekaa kwenye benchi, akavua kiatu, akawa anasugua kisigino. Halafu akaniambia taratibu, kama mtu anayeulizia bei ya vitunguu: "Dada, yule kijana mchoraji wa jengo la nyuma ni wa kwenu, eti?"

Nikaendelea kupaka. "Yupo?" nikauliza.

"Jengo lile silo langu. Nasikia tu." Akavaa kiatu. "Na yeye huchora kama wewe? Ukiona mkono wake utaujua?"

Kwa nini aulize hivyo? Mtu anaulizia mkono wa mtu kwa sababu gani kama si kutaka kuuiga, au kumtafutia kosa lingine? Nilishuka ngazi nikamwangalia usoni, nikamdanganya. Nikasema: "Nitaujua mara moja. Vivuli vyake huwa virefu mno. Mti mfupi, kivuli kirefu kama barabara. Ndiyo ugonjwa wake."

Ukweli ni mwingine kabisa. Mdogo wangu tangu utotoni huelekeza kivuli kwenye jua. Jua likiwa kushoto, kivuli chake kiko kushoto. Marehemu baba, aliyetufundisha kazi, alimcheka mpaka akachoka. "Wewe mwanangu, jua lako linavuta vivuli kama sumaku!" Akimrekebisha leo, kesho anarudia, si kwa ubishi, ni mkono wake tu ulivyo. Hilo tunalijua watu wa nyumbani. Bibi Funguo abaki na barabara yake.

Jumamosi, 23 Machi
Siku ya wageni. Chumba kimejaa watu na miavuli inayochuruzika. Mbele kabisa amekaa mama mmoja ambaye haachi kuja, na ndoo yake ya chakula yenye kifuniko, anamletea mwanawe. Nimemwita Mama Ndoo. Ana macho ya kuchungulia kila kitu.

"Mwanangu," akaniita, "ule mti mdogo karibu na dirisha umeusahau. Wenzake wote wana vivuli, wenyewe hauna."

Ni kweli, nilikuwa sijaumaliza. Lakini mdomo wangu ukanitangulia. "Huo ni wa mdogo wangu, mama. Yuko jengo la nyuma. Nitautia kivuli siku nitakayomwona."

Aliiweka ndoo chini. Kisha akasema, "Basi nichoree na wa mwanangu. Wa kwangu utie kivuli, juzi nilimwona. Amekonda, lakini nilimwona."

Nikamchorea pale pale. Mwanamke wa nyuma yake akasimama. Naye wake hajaonyeshwa tangu mwaka jana. Nikampandia mti, bila kivuli. Akauliza kama unaweza kuwa na matawi mengi, kwa sababu kijana wake ana nywele nyingi. Nikauongezea matawi.

Jumatano, 27 Machi
Mkuu ameona miti imeongezeka, amefurahi. "Hapo sawa," alisema. "Miti haina maneno." Nilijibu ndiyo afande, nikageukia ukuta nisije nikacheka mbele yake.

Jumamosi, 30 Machi
Miti, miti, miti. Nimeishiwa kijani. Watu sasa wakiingia hawakai, wanakwenda kwanza ukutani kutafuta wa kwao. Isiyo na vivuli ni mingi kuliko nilivyodhani.

Jumanne, 2 Aprili
Wifi hataki nirudi kule. "Watakuweka na wewe, halafu mimi nibaki na nani?" Nikamuuliza, kwa ubaya, kama kuna mtu amemtuma aniambie hivyo. Alinitazama kama nimempiga kofi. Kisha akatoka kwenda kuanua nguo, na mvua ilikuwa imeshazilowanisha zamani.

Ijumaa, 5 Aprili
Niandike polepole.

Asubuhi nimeingia chumba cha wageni, sakafu mbichi, wafungwa wa usafi wameshadeki na kuondoka. Bibi Funguo alikuwa ananingojea mlangoni, uso umechanua. "Dada, njoo uone. Umepata salamu."

Chini ya mti mdogo wa dirishani palikuwa na kivuli. Kirefu. Kimelala kuelekea mlangoni, kinapita mti wa pili na wa tatu, kirefu kama barabara.

"Si ulisema utaujua mkono wake?" Bibi Funguo alinishika bega. "Ndiyo huu?"

Niliegemea ngazi. Yeye akadhani ni furaha. Akanipigapiga mgongoni kama mtoto mchanga na kuniambia nilie tu, kulia ni dawa. Na mimi nikalia kweli, kwa sababu nilikuwa natazama uongo wangu mwenyewe ukutani. Hakuna mtu duniani aliyeambiwa habari ya vivuli virefu isipokuwa huyu mwanamke. Kama mdogo wangu yupo, kwa nini waninunulie salamu ya bandia? Mtu aliyepo si wangemwachia tu achore mwenyewe?

Nimewaza hivyo kutwa na bado nawaza hivyo. Wamemzika wapi? Nani alikuwepo? "Yupo" yao hiyo, yupo wapi, chini au juu? Naogopa kumwambia wifi, na naogopa zaidi kwamba anajua tayari, na kwamba ile "alikuwa" yake haikuanza bure.

Jumamosi, 6 Aprili
Chumba kilikuwa kimejaa, na habari ilikuwa imeshatapakaa kwamba dada mchoraji amepata salamu. Mama Ndoo alinikumbatia. Nikaitoa mikono yake taratibu, nikachukua brashi pana, na mbele ya watu wote nikakipaka kile kivuli rangi ya majani mpaka kikatoweka.

"Mbona unakifuta?" Mama Ndoo akang'aka.

"Si chake."

"Umejuaje?"

"Mama, wewe mwanao ukiletewa barua yake, si unaujua mwandiko? Hiki si chake."

Watu walitazamana. Yule mama wa kijana mwenye nywele nyingi akasimama, akamwendea Bibi Funguo, akamwambia kwa adabu kabisa: "Afande, mimi niliambiwa mwanangu anaumwa, mkaniletea shati lake nilifue. Lile shati halikuwa na jasho. Naomba nimwone yeye." Mwingine akasema na yeye. Na mwingine. Hakuna aliyepaza sauti. Bibi Funguo alikuwa ananitazama mimi tu, uso umemshuka, na sikujua kama ni hasira au nini.

Jumatatu, 8 Aprili
Mkuu kaniita. Safari hii hakuna chai, hakuna kiti.

"Tume imewahisha, inakuja Alhamisi. Hiyo miti yote itie vivuli."

"Siwezi, afande."

"Huwezi au hutaki? Kivuli ni kitu gani? Ni rangi nyeusi na maji!"

"Kila mti una mwenyewe. Mwenyewe akionekana, kivuli kitaonekana."

Alisimama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alipouelewa ule ukuta wake, kwa sababu aligeuka kuelekea chumba cha wageni kana kwamba anauona kupitia zege. Miti yake aliyoagiza mwenyewe, mmoja mmoja, mahali pa njia na daraja na mtu. Nilimwona anahesabu kimoyomoyo, akaacha.

"Toa vifaa vyako," akasema. "Nisikuone tena hapa. Na ukitaka kumfuata mdogo wako, nafasi ipo."

Kumfuata wapi? Sikuthubutu kuuliza. Nimefukuzwa kabla ya kujua hata hilo moja lililonipeleka.

Jumatano, 10 Aprili
Nimemngojea fundi wa kupiga chokaa apite kwenda gerezani kuufuta ukuta wangu. Hakupita. Mvua inapiga kiasi kwamba chokaa isingeshika. Sijawahi kuipenda mvua kama leo.

Alhamisi, 11 Aprili
Mama Ndoo amekuja nyumbani, amelowa mpaka kwenye mifupa, hataki hata kukaa. Amesimulia amesimama, ndoo mkononi.

Tume imekuja. Mkuu amewatembeza, amewaonyesha jiko, amewaonyesha mandhari. Akasema ndugu wa wafungwa wanaipenda sana. Mwenyekiti wa tume, mwanamke mwenye miwani, akaitazama kwa muda kisha akauliza, kwa mzaha tu, kwa nini mchoraji wao amechoka katikati ya kazi, mbona miti mingine haina vivuli.

"Mkuu kamwambia ni mtindo wa kisasa," alisema Mama Ndoo. "Mwanangu, nikasimama. Miguu hii hii mibovu. Nikasema, mheshimiwa, huyu mwenye kivuli ni wangu, namwona. Huyu asiye nacho ni wa huyu mwenzangu, haonyeshwi. Na yule pale. Na yule. Tukawa tunasimama mmoja mmoja, kila mtu anaweka kidole kwenye mti wake. Yule mama alivua miwani akaifuta, akaivaa, akamwambia Mkuu, nipelekeni jengo la nyuma."

"Na kule?"

"Kule hatukufika sisi, mwanangu. Tulitolewa nje."

Jumapili, 14 Aprili
Kimya. Mvua zimepungua.

Jumatano, 17 Aprili
Nimekutana na Bibi Funguo sokoni, hana sare, hana funguo, anatembea wima mpaka nusura nisimtambue. Nilitaka kuvuka barabara. Akaniwahi.

"Kile kirefu nilichora mimi," alisema, haraka haraka. "Kwa kiwi ya viatu. Hakuna aliyenituma. Nilikuona unakonda, nikasema ngoja nimpoze roho. Sikujua kama kitakuuma vile."

"Yupo?"

"Dada, jengo lile silo langu, nilikwambia na ni kweli. Sikuwa najua." Akasogea karibu. "Tangu tume ije tunazungushwa majengo yote. Kesho kutwa nipo kule. Niambie basi hicho kivuli chake kikoje hasa. Nikikuta mtu anasema ndiye, nimjue."

Nilimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilitaka kumwamini, nakiri nilitaka sana, na nusura nimwambie. Lakini hata aliyekuja kunichimba angekuja na macho mekundu. "Mpeleke akadeki chumba cha wageni, umwonyeshe mti wa dirishani," nikamwambia. "Mengine niachie mimi."

"Na wewe umepigwa marufuku kuingia, utaonaje?"

Nikampisha njia. Akaondoka na vitunguu vyake.

Ijumaa, 19 Aprili
Nimemwomba wifi aende kesho badala yangu. Sikumwambia habari ya Bibi Funguo, wala habari ya kivuli kirefu sijamwambia mpaka leo. Nimesema tu nenda ukautazame mti wake. Akasema:

"Najua unanishuku. Kwa sababu nasema alikuwa."

Nikainamisha kichwa.

"Nikisema anapenda chumvi, nalia, na sufuria liko motoni. Nikisema alikuwa, naweza kupika. Basi. Hakuna aliyeniambia kitu."

Nilimwomba radhi. Sijui kama ilitosha. Amesema atakwenda.

Jumamosi, 20 Aprili
Leo jua limewaka tangu asubuhi, la kwanza kwa muda mrefu. Nimekaa mlangoni, sikushika kazi. Wifi amerudi mchana. Alikuja anatembea mbio mbio na kanga mkononi, haikuwa hata kichwani.

"Hawakuniruhusu kumwona. Wametuahidi kwa maandishi, wiki ijayo tutawaona wote wa jengo la nyuma," alisema, akihema. "Lakini mti una kivuli."

Nilisimama. "Kirefu?"

"Kirefu cha nini? Kifupi tu." Akaninyooshea kidole chake cha shahada. "Nimekigusa, kilikuwa hakijakauka."

Nilikishika kile kidole nikakinusa. Hata hapo, Mungu anisamehe, nilikuwa bado nashuku, nilitaka kujua kama ni kiwi. Haikuwa kiwi. Yalikuwa masizi ya sufuria, yamekorogwa na uji, rangi nyeusi ya kwanza aliyotufundisha baba kutengeneza.

"Kimeelekea wapi?" nikauliza. "Wifi, kimelala upande gani?"

Alianza kucheka na kulia kwa pamoja, akaketi pale pale kizingitini.

"Dirishani," alisema. "Kwenye jua. Anakosea vilevile, wifi. Mume wangu bado anakosea."